Wauza rangi za kuprinti waandike kilichomo koponi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nimjibu msomaji aliyeandika kwenye ukurasa huu kwamba wapiga printi wa Dar es Salaam ni matapeli, kwa sababu fulana za kikoba chao zilibanduka maandishi kabla hata ya mkutano wa pili. Simtetei fundi wake. Simjui, na wapo kweli miongoni mwetu wanaopokea advansi asubuhi na kuzima simu mchana. Lakini katika barua yake ndefu ametaja rangi ya fulana, bei ya fulana, mtaa alikokwenda na hasira za wanachama, asitaje fulana zile zilikuwa za kitambaa gani. Sidhani kama aliulizwa. Na sidhani kama fundi mwenyewe alijua ndani ya kopo lake mlikuwa na rangi gani. Hapo ndipo penye ugonjwa wa biashara yetu.

Mimi ni mama wa Keko. Nina meza ya kuprinti yenye mikono minne uani kwangu, chini ya mabati, na vijana wawili wa kunisaidia. Mtaani wananiita Mama Printi. Nimeprinti fulana za misiba, za kipaimara, za kampeni na za mahafali ya darasa la saba, refleka za bodaboda, aproni za mama lishe, mifuko ya maduka ya dawa, hata ndoo za kunawia mikono wakati ule wa Korona. Kazi yenyewe kwa asiyeijua ni nyepesi kueleza. Una wavu mwembamba uliokazwa kwenye fremu, ndiyo tunayoiita skrini, umezibwa kila mahali isipokuwa pale rangi inapotakiwa kupita. Unamimina rangi, unaivuta kwa mpira, unanyanyua fremu, picha imebaki chini. Mtoto wa darasa la tano anaweza kuvuta mpira. Kinachomshinda mtoto, na watu wazima wengi pia, ni kujua rangi ipi inakubaliana na kitu kipi.

Wateja wetu wamelelewa na khanga. Mmoja aliniuliza kwa uchungu kabisa: mbona khanga ya bibi yangu imefuliwa tangu sijazaliwa na jina bado linasomeka, na fulana yako ya juzi imeshaanza kumeguka? Swali la haki. Khanga ni pamba, na kiwandani rangi yake inakazwa kwenye uzi kwa mitambo ambayo mimi uani siwezi kuwa nayo. Ukipitisha kidole juu ya jina la khanga husikii kitu. Pitisha kidole juu ya nembo ya fulana nyingi za siku hizi, utasikia ngozi ya plastiki imelala juu ya kitambaa. Ngozi hiyo inaweza kudumu miaka, ila kwa masharti yake, na masharti hayo hayafanani kwa kila rangi wala kwa kila kitambaa.

Nianze na kitambaa, maana ndiko mteja anakoweza kutusaidia. Fulana za Kariakoo zinakuja na lebo shingoni imeandikwa pamba asilimia mia. Mimi lebo hiyo siiamini hata siku moja. Nachomoa uzi mmoja kwenye pindo la ndani, nauwasha kwa kiberiti mbele ya mteja. Pamba inaungua kwa mwali wa njano, inanuka karatasi iliyoungua, na inabaki jivu laini linalopeperuka ukilipulizia. Polista inajikunja kuukimbia moto, inayeyuka, inatoa moshi mweusi, na ikipoa inabaki punje ngumu ambayo huwezi kuiponda kwa kucha. Kitambaa kilichochanganywa, kama tetroni za sare za shule, kinakupa vyote viwili, jivu kidogo na vipunje ndani yake. Jaribio hili halina gharama, na limeshanifanya nirudishe mizigo mizima ya fulana kwa wenyewe kabla sijatia tone la rangi. Wengine hukasirika. Mzigo wameshaulipia, wanataka nifanye hivyohivyo.

Sasa rangi. Mafundi wengi wa mjini tunatumia aina mbili kwa nguo. Ya kwanza ni plastisoli, ambayo ni chembe za plastiki iitwayo PVC zilizochanganywa na mafuta ya kulainishia plastiki. Haikauki kwa hewa. Ukiiacha kwenye skrini ukaenda msibani Mbagala, ukalala huko, kesho yake utaikuta laini vilevile, na ndiyo sababu tunaipenda. Inafunika vizuri hata fulana nyeusi. Lakini inataka joto la karibu nyuzi 160 za Selsiasi, na joto hilo lifike mpaka chini kabisa, rangi inapogusana na kitambaa. Tatizo ni kwamba ikifika nyuzi mia hivi tu inakuwa kavu ukiigusa. Fundi anayekausha kwa pasi ya nyumbani, na umeme unaokwenda na kurudi, anagusa, anaona kavu, anakunja, anapokea hela. Hiyo ni chapati iliyoiva juu, ndani unga. Ikiingia kwenye beseni la sabuni inaanza kupasuka na kumeguka vipande, na hapo ndipo barua kwa mhariri inapoandikwa.

Kuna namna ya kujua bila kusubiri beseni. Ivute nembo kwa mikono miwili, taratibu, mpaka kitambaa kinyooke. Plastisoli iliyoiva inavutika na kurudi. Isiyoiva inapasuka nyufa hapohapo mezani. Namwomba kila mteja afanye hivyo kabla ya kutoa salio la pesa, na fundi akikataa nembo yake isivutwe, msomaji atajijazia mwenyewe. Mimi niliponunua kile kipimajoto cha kumulika kama bunduki, vijana wangu walicheka, wakasema mama amekuwa daktari wa fulana. Siku hizi ndio wanaogombania kukishika.

Aina ya pili ni rangi ya maji, yaani rangi ya unga, maji na gundi tunayoiita bainda. Hii inaingia kwenye uzi, fulana inabaki laini, na unaweza kupitisha pasi juu ya maandishi bila rangi kushika kwenye chuma, jambo ambalo plastisoli haikubali. Kwa pamba nyeupe naipenda kuliko nyingine zote. Inamtaka fundi awe mwepesi, maana kwa joto la Dar la Januari ukigeuka kupokea simu matundu ya wavu yameshaziba. Juu ya nguo nyeusi inapotea isipowekewa nyeupe nzito chini. Na maji yakikauka haimaanishi imeshika. Bainda nayo inataka joto, nyuzi 150 hivi kwa dakika mbili tatu, au itiwe fiksa, yaani dawa ya kushikisha rangi, na nguo isifuliwe kwa siku kadhaa. Fiksa ikishaingia, rangi hiyo ina saa chache tu za kutumika. Iliyobaki ni ya kutupa, hata kama kwa macho bado inaonekana nzima.

Hapa ndipo ninapofika kwenye jezi.

Timu moja ya ndondo ya mtaani iliniletea jezi nyekundu za polista, niweke namba na jina la mfadhili kwa rangi nyeupe. Nilikwenda duka ninalonunua siku zote, Kariakoo, nikamwambia kijana wa kaunta waziwazi: nipe plastisoli nyeupe ya polista, ile isiyopandisha rangi ya kitambaa. Nikapewa kopo la kilo, nikalipa bei ya juu ya hiyo maalumu, maana ipo tofauti ya bei. Nikaprinti, nikakausha kwa joto dogo, nikaziacha zipoe moja moja bila kuzirundika. Jioni namba zilikuwa nyeupe pee. Jumapili timu ikiingia uwanjani namba zilikuwa na rangi ya waridi, na jirani zangu wa Yanga wakapata la kusema wiki nzima.

Kwa asiyejua kilichotokea: polista nyekundu imetiwa rangi ambayo ikipata joto la kutosha inageuka mvuke na kutembea. Inapanda kutoka kwenye kitambaa, inaingia kwenye ile ngozi nyeupe ya plastisoli na kukaa humo. Mara nyingine inaanza palepale, mara nyingine inangoja siku kadhaa. Nyekundu na bluu iliyokoza ndizo sumbufu zaidi. Dawa zake zinajulikana. Kuna nyeupe zilizotengenezwa kuzuia mvuke huo, kuna plastisoli zinazoiva kwa nyuzi 130 tu badala ya 160, na kuna rangi ya kijivu ya kuzuia inayotangulizwa chini kabla ya nyeupe. Hakuna uchawi. Lakini dawa zote hizo ukiziangalia koponi ni uji mweupe, na nyeupe ya kawaida nayo ni uji mweupe uleule. Kwa macho hakuna fundi duniani anayeweza kuzitofautisha. Niliporudi dukani, kijana alinijibu kwamba zote zinatoka ndoo moja.

Mhariri, hilo ndilo ninalotaka lisomwe na wahusika. Rangi ya kuprinti inaingia nchini kwenye ndoo za kiwandani za kilo tano, kilo ishirini na zaidi. Ndoo hizo zina maandishi: jina la rangi, nyenzo inayofaa, joto la kuivisha, namba ya toleo, tahadhari. Ni Kiingereza au Kichina, lakini yapo, na mtu akitaka anaweza kutafsiriwa. Kisha ndoo inafunguliwa nyuma ya duka, rangi inachotwa kwa kijiko kikubwa na kuuzwa kwa kupimwa, nusu kilo, robo kilo, ndani ya makopo ya siagi na ya aiskrimu yaliyooshwa. Maandishi yote yanabaki kwenye ndoo, na ndoo ikiisha inauzwa kwa mama wa kuchota maji. Mimi fundi natoka na kopo lisilo na herufi hata moja.

Mazungumzo ya kaunta nayajua kwa moyo. Hii ya kitambaa? Ya kitambaa, mama. Kitambaa gani? Vyote, mama, weka tu, wenzako wote wanachukua hiyohiyo. Ukiuliza joto, unaambiwa pasi ya kawaida. Ukiuliza imefunguliwa lini, unaulizwa kama unanunua au hununui, kuna watu nyuma yako.

Nimejifunza njia zangu za kujilinda. Kila kopo jipya nachota kijiko cha rangi na kukidondosha kwenye glasi ya maji. Rangi ya maji inasambaa na kuyafanya maziwa, plastisoli inakaa bonge lilelile. Nasikiliza pua, maana ile ya stika na plastiki ngumu inanuka thina kutoka mbali. Napaka kidogo kwenye kipande cha kioo na kukiacha usiku. Ikiwa asubuhi imekauka, si plastisoli, na ikiwa plastisoli yangu imekonda kuliko ilivyozoeleka najua mtu ameongeza kitu ili kilo iongezeke, na mafuta ya taa yakiwemo yananuka hata ufanyeje. Lakini kati ya nyeupe ya pamba na nyeupe ya polista sina jaribio la uani. Na ubaya unakwenda pande zote mbili, kwa sababu baadhi ya hizo nyeupe za polista zina dawa ndani inayoweza kuacha kivuli kwenye fulana ya pamba iliyolazwa juu yake ikiwa bado ya moto. Kwa hiyo anayenipa ya polista bila kuniambia, akidhani amenipa bora, naye ananiharibia.

Mifuko ndiyo imetufungua macho wengi. Tangu mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku Juni 1, 2019, kila duka linataka mfuko mbadala wenye jina lake. Ile mifuko mepesi ya rangi rangi watu wanaiita ya kitambaa, na mteja anakuja na mzigo akisema ni kitambaa hiki, mama, weka nembo. Si kitambaa. Ni polipropilini, ndugu yake salfeti la mahindi, iliyofanywa nyuzi nyembamba na kugandamizwa. Na polipropilini inayeyuka kwenye nyuzi 160 na kitu, palepale plastisoli inapotaka kuiva. Sasa jaribu kupatanisha hao wawili. Ukipeleka joto la kutosha kuivisha rangi, mfuko unajikunja na kutoboka. Ukipunguza joto kuunusuru mfuko, rangi inabaki mbichi na kumpaka mteja wa watu kwenye gauni. Nimeona mifuko ya duka moja la vipodozi imegandana yote kwa yote kwenye boksi, ukiivuta, nembo ya huu inabaki mgongoni mwa ule. Aliyeiprinti alikuwa na bidii zake, tatizo alikuwa na rangi ya fulana.

Mifuko hii ina rangi zake, zinazokauka kwa hewa bila kupikwa, na zinauzwa hapahapa mjini. Zinakubaliana na mfuko kama mfuko wenyewe una uzito unaostahili. TBS, yaani Shirika la Viwango Tanzania, wanataka usipungue gramu 70 kwa mita ya mraba, na ile myembamba chini ya hapo rangi inapita kama chujio na kutokea upande wa pili. Kwangu mteja akiniuliza ushauri, namwambia achukue mfuko wa kitambaa cha marekani. Ni pamba, unapokea rangi ya maji vizuri, unafuliwa, na mwenye duka anatangaziwa jina miaka. Bei yake ndiyo inayomkimbiza.

Ndoo na madumu ni hadithi nyingine. Plastiki ya ndoo haipendi kushikwa na kitu chochote, ndiyo maana hata stika ya bei inabanduka yenyewe. Mwagia maji, yatajikusanya matone na kuteleza. Viwandani wanapitisha plastiki hiyo kwenye umeme au moto kabla ya kuprinti, mpaka ngozi yake ikubali kulowana. Uani tunapitisha mwali wa bluu wa jiko la gesi haraka haraka, bila kusimama, kisha tunamwaga maji tena. Yakitandaa kama utando, plastiki iko tayari kupokea rangi, na usichelewe, maana hali hiyo inapungua kadiri inavyokaa. Baada ya rangi kukauka bandika selotepu, ikandamize kwa kucha, ivute kwa nguvu mara moja. Ikija na herufi, anza upya. Ndoo za Korona nilizoziona mitaani zikiwa na neno NAWA lililobaki NA, zote zilikosa moto huo au zilipakwa rangi isiyo yake.

Miavuli na makoti ya mvua, ambayo ni nailoni, yanataka plastisoli iliyochanganywa na kigumishi chake, vinginevyo rangi inachunika kama ganda. Glasi za harusi zinataka rangi ya sehemu mbili, rangi na kigumishi, na kamati za harusi nazisihi sana zisinilazimishe kuweka majina ya maharusi mpaka kwenye ukingo pa kunywea. Sentimita mbili za juu ziachwe tupu. Rangi nyingine zina madini ambayo hayatakiwi mdomoni, na kwa kopo lisilo na lebo sina namna ya kumhakikishia bibi harusi kwamba hii si mojawapo.

Hoja hiyo ya afya naomba isipite hivihivi. Yale mafuta ya kulainishia plastisoli yako ya aina nyingi, na baadhi yake, jamii ya thaleti, Umoja wa Ulaya na Marekani wameyawekea mipaka mikali kwenye vitu vya watoto, Marekani kwa sheria ya 2008. Plastisoli zisizo na thaleti zipo, na kiwanda kinachotengeneza hujisifu kwa kuandika hivyo kwenye ndoo. Mimi naprinti fulana za chekechea. Mzazi akiniuliza kama rangi ni salama kwa mtoto anayetafuna kola yake mchana kutwa, nimwambie nini? Nimwoneshe kopo la aiskrimu? Na sisi wenyewe tunaoosha skrini kwa petroli kwa sababu hatujui rangi hii inatoka kwa maji au kwa thina, tunavuta benzeni bure. Nusu ya petroli hiyo isingehitajika kama kopo lingesema tu kwamba linaoshwa na maji na sabuni.

Naomba nisieleweke vibaya. Sitaki uuzaji wa kupima upigwe marufuku. Mafundi wa uani hatuna mtaji wa ndoo ya kilo tano kwa kila rangi, na fulana za msiba zinaagizwa usiku wa leo zivaliwe kesho, robo kilo ya zambarau inatosha na kubaki. Atakayefuta robo kilo atakuwa amewafutia vijana wengi riziki na kuwaachia kazi wenye viwanda. Ninachotaka ni robo kilo iwe na maneno. TBS wapo, Wakala wa Vipimo wapo, Mkemia Mkuu wa Serikali yupo. Wakikaa pamoja hawatakosa wa kusimamia kwamba anayefungua ndoo na kugawa, agawe pamoja na yale yaliyoandikwa juu yake, kwa Kiswahili. VETA nao, wa vyuo vya ufundi, wanaofundisha uchapaji wangeweza kutoa karatasi moja ya tafsiri ya majina haya ya rangi, ibandikwe kila duka, tuache kubishana kaunta.

Kwa upande wa wanunuzi, hasa kamati na ofisi. Nimesoma mahitaji ya zabuni ndogo yaliyoandikwa: fulana zenye nembo, rangi ya bluu, ubora mzuri. Ubora mzuri wa nini? Andikeni kitambaa: pamba, polista, au mchanganyiko na kwa kiasi gani. Andikeni nguo itatumikaje, kwa sababu fulana ya maandamano ya siku moja na sare ya mlinzi inayofuliwa kila jioni hazihitaji kazi moja wala bei moja. Ombeni sampuli moja, ifueni, ivuteni, ndipo mseme zilizobaki ziendelee. Anayewaambia atafanya kila kitu kwa bei ya chini na rangi moja kwa fulana, mifuko, kofia na ndoo, huyo muulizeni rangi hiyo inaitwaje. Na mkisikia jibu la vyote, mama, weka tu, basi mmeshajua aliponunua.

Kwenye kopo la kupima naomba mistari minne tu. Wa kwanza, aina: plastisoli, ya maji, au ya thina. Wa pili, inafaa kwenye nini na haifai kwenye nini. Wa tatu, inaiva kwa joto gani na kwa muda gani, au inakauka kwa hewa. Wa nne, namba ya toleo kutoka kwenye ndoo na tarehe ilipofunguliwa, ili ikiharibika tujue tunarudi na nini. Makopo yote ya uani kwangu yameandikwa hivyo kwa mkanda wa karatasi na kalamu ya maka, na vijana wangu hawaruhusiwi kuchota kwenye kopo lisilo na mkanda, hata mteja akiwa amesimama mlangoni na pikipiki inaunguruma. Mkanda mmoja unatosha makopo mengi. Wenye maduka wakisema ni gharama, waje Keko niwagawie.

Mama Printi,
Keko, Dar es Salaam.